Jedwali Lililopangwa kwa Vyeo

Mkuu wa shule yetu, Mwalimu Bazilio, hawezi kuona viti vitatu bila kuuliza nani atakaa cha mbele. Siku ya mahafali ya mwaka juzi alisimamisha sala katikati, padri akahamishwa kiti kimoja kushoto, kwa sababu diwani alikuwa bado njiani na kiti chake lazima kimsubiri mahali panapostahili. Diwani hakufika. Kiti kiliombewa.

Mimi ni mhudumu pale. Nafagia, nachota maji, napika chai ya walimu, naosha vyombo vya maabara. Shule iko nje kidogo ya mji wa Kibondo, ni ya kulipia, na mdogo wangu Akimana anasoma kidato cha pili hapo bila ada kwa sababu mimi nafagia. Hayo ndiyo makubaliano. Kwa hiyo nikiwa na neno la kumwambia mkuu, huwa nalitafuna kwanza, halafu nalimeza.

Kemia niliijua kwa kuosha vyombo. Mwalimu wa Kemia anaitwa Stumai, ametoka Tanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza nazi. Alianza kila kipindi kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Akiona macho ya wanafunzi yamekuwa kama ya dagaa waliokaushwa, anaweka chaki chini na kurudi kwenye Kiswahili. Hapo ndipo mimi, kule nyuma kwenye sinki, nilipokuwa naacha kusugua.

"Kila elementi ni kaya," alisema siku moja mbele ya jedwali la karatasi. "Hii safu ya kwanza kushoto, inayoshuka hivi, ni kundi la kwanza. Ni kaya zenye mbuzi mmoja wa ziada, zinatafuta wa kumpa. Ukishuka chini, boma linapanuka, yule mbuzi anafungwa mbali zaidi na mlango wa mwenyewe. Mbuzi wa mbali na mlango anaondoka upesi au polepole?"

"Upesi!"

"Basi ndiyo maana kadiri unavyoshuka kundi hili, ukali unazidi. Lithiamu juu, ana subira. Sodiamu chini yake, hana subira. Potasiamu chini ya sodiamu, huyo usimcheke hata kidogo."

Aliwaambia pia kuhusu kundi la kumi na saba, kule kulia, kaya zilizopungukiwa mbuzi mmoja. Huko mambo ni kinyume: walio juu, wadogo, ndio wanyang'anyi hodari, kwa sababu mbuzi akishaibwa anafungwa karibu na mlango. Na safu ya mwisho kabisa ni gesi zilizotosheka. Haziombi, hazitoi, hazichanganyiki na mtu.

"Kama wake za mabosi," alisema. "Salamu yako wanaipokea kwa kidevu."

Kisha akatoa chupa mbili kabatini, metali ndani ya mafuta ya taa. Akakata punje ya sodiamu, akaidondosha kwenye beseni la maji. Ilikimbia juu ya maji ikipiga mluzi, ikazunguka kama mdudu aliyepotea njia, ikaisha. Akakata punje ya potasiamu, ndogo kama mtama. Hiyo ilishika moto yenyewe, moto wa rangi ya zambarau, juu ya maji, halafu ikapasuka na cheche ikaruka mpaka ubaoni.

"Zaidi ya punje ya mtama, mimi sikai chumba kimoja nayo," alisema Mwalimu Stumai.

Nilirudi kusugua. Lakini nilikuwa nimeona.

Sasa, maabara ikapigwa plasta upya, na mkuu akatangaza kuwa itafunguliwa Ijumaa na mgeni rasmi, Mzee Fidele Habonimana, mnunuzi mkubwa wa maharage kutoka Kasulu, aliyekuwa ameahidi mabati. Mwalimu Stumai hangekuwepo, alikuwa ameitwa kwenye semina chuo cha ualimu, huko huko Kasulu, wiki nzima. Kabla ya kuondoka aliacha karatasi ya jedwali kwa mchoraji, ili lichorwe kwenye ukuta mzima wa mbele.

Mchoraji aliitwa Marcel. Naye ni wa Kasulu, anachora mabango ya saluni na bucha. Jumanne alichora vizuri, visanduku vimenyooka, kila kimoja na namba yake. Jumatano asubuhi nilikuwa napiga deki pale mkuu alipoingia, mikono nyuma.

"Marcel, hii ni nini?"

"Jedwali la elementi, Mkuu. Kama lilivyo kwenye karatasi ya mwalimu."

Mkuu akasogea katikati ya ukuta, akaweka kidole. "Hapa nasoma shaba. Chini yake fedha. Chini yake dhahabu."

"Ndiyo, Mkuu."

"Marcel, mwanangu, umewahi kuona watu wakishindana mbio?"

"Nimewahi."

"Wa kwanza anavishwa nini?"

"Dhahabu."

"Na wa tatu?"

"Shaba, Mkuu."

"Sasa wewe umemkalisha wa tatu juu ya kichwa cha wa kwanza. Na mgeni rasmi anakuja keshokutwa."

Marcel akaangalia karatasi, akaangalia ukuta. "Lakini kwenye karatasi..."

"Karatasi haina mgeni rasmi." Mkuu alikuwa ameshahamia kona ya juu kushoto. "Na huyu aliyekaa kiti cha kwanza kabisa ni nani?"

"Haidrojeni."

"Ni nini? Chuma?"

"Ni gesi, Mkuu. Nasikia ndiyo nyepesi kuliko zote."

"Nyepesi kuliko zote," alirudia mkuu taratibu, kama mtu anayesoma barua ya matusi. "Na hii risasi, nzito, inayoheshimika, iko chini huko miguuni. Hapana. Hata arusini wazee wanakaa viti vya mbele na watoto wanakaa mkekani. Kila safu, mzito juu, mwepesi chini. Pindua."

"Zote?"

"Zote. Hii safu ya mwisho kulia ni ya akina nani?"

"Hizo ni gesi zisizochanganyika na mtu."

Mkuu akafikiri. "Ziko mkono wa kuume. Hao walijua pa kukaa. Lakini nao wajipange, mkubwa juu."

Nilitaka kusema. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Mkuu akageuka, akaniona nimesimama na tambara.

"Kezia, kuna tatizo?"

"Hapana, Mkuu."

Alipotoka, nilimnong'oneza Marcel, "Kaka, mbona umekubali? Namba nazo sasa zitarudi nyuma."

"Nimemwambia. Kanijibu hata nyumba za mjini namba hazifuatani." Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. "Dada, mimi ni mchoraji. Mwezi uliopita nimechora ng'ombe anacheka kwenye ukuta wa bucha. Sikumuuliza ng'ombe."

Kufikia Alhamisi saa sita ukuta ulikuwa umepinduka wote, na kwa kweli ulipendeza. Dhahabu ilikaa juu kama bwana arusi. Mkuu akaita mazoezi. Akimana ndiye aliyechaguliwa kuonyesha jaribio mbele ya mgeni, kwa sababu Kiingereza chake kinasikika mpaka barabarani.

"Tunataka jaribio la metali na maji," mkuu alimwambia. "Lakini lisiwe na fujo. Mzee Habonimana atavaa suti. Kabatini kuna chupa mbili. Ipi ni pole?"

Akimana akasimama mbele ya ukuta, akaikariri ile kanuni kama sala ya jioni: kadiri unavyoshuka kundi la kwanza, ndivyo ukali unavyozidi. Akapandisha kidole, akakishusha. Potasiamu juu. Sodiamu chini yake.

"Pole ni potasiamu, Mkuu. Sodiamu iko chini, ndiyo kali."

"Mnasikia sayansi hiyo!" mkuu aliwaambia walimu wengine wawili, wa Historia na wa Biblia. "Basi kwa kuwa ni pole, kata kipande cha kuonekana. Watu wa nyuma nao wana macho. Kata kama hivi." Akaonyesha dole gumba lake. Mkuu ni mtu mnene.

Punje ya mtama ilikuwa imerusha cheche mpaka ubaoni. Dole gumba la Mwalimu Bazilio lingemwacha Akimana bila uso, kwa sababu alikuwa amefundishwa kuinama juu ya beseni ili aonekane makini.

Jioni, tukimenya mihogo nyumbani, nilimwambia.

"Akimana, ile potasiamu si pole. Ukuta umepinduliwa. Nilimwona Mwalimu Stumai akiweka punje tu, ikawaka."

"Siku hiyo nilikuwa naumwa, sikuwepo darasani."

"Ndiyo maana nakwambia."

Aliendelea kumenya. Akimana ni mtoto mzuri, lakini tangu aingie kidato cha pili ameanza kunitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia. "Dada, usinichukie nikisema. Wewe uliishia darasa la tano. Mimi kanuni naijua kwa Kiingereza. Kadiri unavyoshuka..."

"Unavyoshuka wapi? Ukuta umesimama kichwa chini!"

"Kwa hiyo mkuu hajui, mchoraji hajui, walimu hawajui, unajua wewe uliyekuwa unaosha vyombo."

Alikuwa amesema kweli tupu.

Nikampigia Mwalimu Stumai. Mara ya tatu akapokea, nyuma yake kuna watu wanacheka, wamepumzika semina.

"Kezia mwanangu, kulikoni?"

Nikamweleza.

"Amelipindua jedwali?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa vyeo."

"Kwa vyeo!" Sikujua kama analia au anacheka. "Subiri nimpigie mimi."

Baada ya robo saa akanipigia. "Nimempata. Kaniambia nisimharibie shughuli kwa wivu kwa sababu sikualikwa. Kakata simu, sasa hapokei. Basi la kunitoa hapa mpaka Kibondo kesho litanifikisha mmeshakula wali. Sikiliza. Wewe ndiye uliye mlangoni. Kaseme."

"Mwalimu, mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Huwezi kusema?"

"Nashikwa koo."

"Basi fanya. Si lazima kila mtu aokoe kwa mdomo. Ile chupa inakaaje siku zote bila kuunguza kabati? Fikiria hilo, mwanangu."

Akakata. Nikafikiria.

Ijumaa asubuhi nilijaribu mara moja tena, nisije nikalaumiwa mbele ya Mungu. Nikamfuata mkuu akiwa anapima kwa hatua umbali kati ya kiti cha mgeni na kiti chake.

"Mkuu, naomba kusema. Kuhusu jaribio."

"Kezia, maua umeweka?"

"Nimeweka. Lakini jaribio..."

"Ukishaweka maua, kazi yako imeisha. Beseni la maji lijae, liwe safi."

Nikaenda stoo. Pale kulikuwa na dumu la mafuta ya taa, tunayotumia kufuta meza za maabara ili mchwa wasile miguu. Siku hiyo meza zote zilikuwa zimefutwa asubuhi kwa amri ya mkuu, zing'ae, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kinanuka mafuta. Nikalichukua lile beseni la bluu. Nikamimina mafuta ya taa mpaka yakafika yanapofika maji. Nikalibeba kwa mikono miwili, nikaliweka mezani mbele ya ukuta, nikalitandikia kitambaa chini. Ndoo ya maji halisi nikaiacha nje mlangoni.

Mgeni alifika saa tano. Mzee Habonimana ni mtu mpole, mrefu, anayeongea Kiswahili cha kuchanganya na Kirundi akifurahi. Alivishwa shada, akaimbiwa, akaketi. Shule ina miwani moja tu ya kukinga macho. Mkuu aliichukua kutoka mezani kwa Akimana, akaipangusa, akamvalisha mgeni, aliyekuwa ameketi hatua sita kutoka kwenye beseni. Akimana akabaki na kope zake.

Akaanza. Alisoma ukuta kwa Kiingereza, safu kwa safu, na watu wakapiga makofi kila alipovuta pumzi. Kisha akafungua chupa, akakata kipande cha potasiamu kwa kisu. Kilikuwa kikubwa kweli, cha kung'aa kama samaki mbichi. Akakishika kwa koleo. Akainama juu ya beseni, uso karibu, macho wazi.

Najua nilichokuwa nimemimina. Hata hivyo nilifumba macho.

Kikasema *kluk*. Kikazama.

Hakuna kilichotokea. Kilikaa chini ya beseni kama jiwe ndani ya mto. Akimana akangoja. Watu wakanyoosha shingo. Mtu mmoja akakohoa. Niliona sikio la Akimana likibadilika rangi, na nilimwonea huruma, lakini lilikuwa sikio zima.

Mkuu akasimama. Mtu mwingine angeaibika. Yeye akakunjua mikono. "Mheshimiwa mgeni rasmi, mmeona upole! Ndivyo ukuta unavyosema, ndivyo ilivyo. Iliyo juu ina utulivu. Kama ilivyo kwa viongozi!"

Makofi yalitikisa mabati ya zamani.

Nilisimama pale mlangoni nikitambua nilichofanya. Nilikuwa nimemwokoa mdogo wangu, na papo hapo nimeuthibitisha ule ukuta. Sasa shule nzima ilikuwa imeona kwa macho yake kwamba potasiamu ni kondoo.

Na Mzee Habonimana alikuwa amefurahi. "Mana yanje, Mungu wangu! Upole kama huu hata nyumbani kwangu nauhitaji. Binti, kule mbali sijaona vizuri, na hii miwani ina ukungu." Akaivua, akaiweka magotini. Akainua glasi yake ya maji ya kunywa. "Hebu kilete hapa, ukitie humu nikione kwa karibu."

"Mletee mgeni," mkuu akasema.

Akimana akakitoa kile kipande kwenye beseni kwa koleo. Kinadondosha mafuta. Akatembea kwa adabu, akapiga goti kidogo mbele ya mgeni kama tulivyolelewa, uso wake na glasi vikawa sawasawa, uso wa mzee nao ukainama kutoka upande wa pili. Akanyoosha koleo.

"Akimana, acha!"

Watu wote waligeuka kumtafuta aliyepiga kelele. Hata mimi nilikuwa karibu kugeuka. Akimana alisimama, koleo hewani.

"Kezia!" mkuu akanguruma. "Umerukwa na akili?"

"Kwenye beseni si maji," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Ni mafuta ya taa."

"Nani ameweka mafuta ya taa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Habari ya kaya na mbuzi nisingeweza kuieleza pale, mbele ya suti. Nikaenda mezani, nikakichukua kisu. Nikakata kutoka kwenye kipande kilichobaki chupani kijipunje, kama mtama, labda kidogo kuliko mtama. Nikakibeba kwenye ncha ya kisu mpaka mlangoni. Nikakitia kwenye ndoo.

Kikawaka. Moto wa zambarau ukakimbia juu ya maji ukizunguka, ukipiga mluzi, kisha *pa!* cheche ikaruka juu ya ukingo, ikamkosa kuku wa mpishi. Kuku akaondoka na matusi yake.

Mzee Habonimana alitazama ndoo. Akatazama dole gumba la metali mbele ya pua yake. Akakifunika kinywa cha glasi kwa kiganja, na kwa mkono mwingine, taratibu sana, akairudisha miwani usoni.

"Binti," alimwambia Akimana, "kirudishe kilikokuwa."

Akimana akakirudisha kwenye beseni.

"Mwalimu," mgeni akamgeukia mkuu, "mbona ukuta umesema ni pole?"

Nilifikiri sasa ardhi itapasuka immeze Mwalimu Bazilio. Ardhi ya Kibondo ni ngumu.

"Mheshimiwa," mkuu alisema, "ukuta huu tuliupindua kwa makusudi, kuwapima wanafunzi umakini wao."

"Ahaa. Na aliyegundua ni mwanafunzi wa kidato gani?"

"Huyo ni mhudumu." Hakukwama hata kidogo. "Hapa kwetu, Mheshimiwa, tunafundisha mpaka wahudumu."

Makofi. Mzee Habonimana akaongeza mabati ishirini papo hapo, na akapiga picha mbele ya ukuta, dhahabu ikiwa juu kidogo ya kofia yake.

Kwa sababu ya ile picha, ukuta haukufutwa. Imewekwa fremu ofisini, na mkuu anasema mgeni akirudi akakuta ukuta tofauti atadhani tumemdanganya. Mwalimu Stumai aliporudi Jumatatu alisimama mbele ya ukuta, akavua kilemba, akakivaa tena. Sasa huanza kila kipindi kwa kuwaambia wanafunzi wainamishe vichwa wautazame ukuta kupitia katikati ya miguu yao. Darasa zima linainama. Nasikia wameanza kuelewa.

Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa kubadilisha maji ya mgeni rasmi bila idhini. Akimana anaendelea kusoma, kwa sababu mkuu hawezi kumfukuza mhudumu ambaye yeye mwenyewe alimsifia mbele ya mabati.

Yeye Akimana alinuna. Alisema nimemwaibisha mbele ya watu, kwamba ningeweza kumwambia vizuri.

"Nilikwambia vizuri."

"Hukunieleza."

Alinuna siku tatu. Alikula amenuna, akafua amenuna, akafanya mazoezi ya nyumbani amenuna, chini ya dirisha pale penye mwanga. Nami nilikaa upande wa pili nikichambua maharage, nikimtazama kila nilipoinua kichwa: macho mawili, nyusi mbili, midomo imevimba kwa hasira tu. Sikuwa na haraka ya kusamehewa.